Mwako Uliokosekana Ihemela

Kazi yangu ni kupima watoto wanapoelewa. Si wanapofaulu, kufaulu kunapimwa na wengine, tena kwa kelele nyingi. Mimi napima ile nukta yenyewe, pale mtoto anaponyanyua kichwa na kusema "ahaa", hata kama hana sauti ya kusemea. Anavaa utepe mwembamba kwenye paji la uso, anatazama video ya somo lake, na likimwingia, mstari kwenye kioo changu hapa Iringa mjini unaruka juu. Tunauita mwako. Na mtu aliyevaa utepe pacha, awe Arusha au Maskati, anauonja mwako huohuo kichwani mwake kwa muda wa pumzi moja, kisha unazimika.

Mimi niliuonja siku nilipoajiriwa. Mtoto mmoja asiyeona, kule Kigoma, alikuwa amesikiliza maelezo huku akipapasa ramani ya mpira, akaelewa kwamba mto hauchagui njia, unateremka tu. Nilikaa chini. Jamani, nilikuwa nimesahau kwamba kujua kitu kuna ladha! Mtu mzima anajua mambo mengi, lakini yote yameshapoa.

Ndiyo maana wafadhili walimiminika. Zamani Mfuko wetu wa masomo ulikuwa unazunguka maofisini kuomba, unaambiwa njoo wiki ijayo. Ulipokuja utepe, watu wakaanza kudhamini masomo kwa hiari yao, kila mtu na somo lake. Kwa fedha hizo tumetengeneza video za watoto viziwi ambazo mwalimu wa lugha ya alama yumo ndani ya picha yenyewe, hakubanwa pembeni kwenye kidirisha cha ukubwa wa stempu. Tumetengeneza za wasioona ambazo kila kinachoonekana kinasemwa, na za wenye usonji zisizo na kelele wala mwanga wa kushtua. Mtoto anayetaka kurudiwa mara mia anarudiwa mara mia, na video haimkunjii uso. Mtu akija kuniambia nafanya biashara ya vichwa vya watoto, namwonyesha kwanza masomo hayo, ndipo tugombane.

Sasa, mfadhili asiyepata mwako huhamia somo lingine. Ndivyo mtambo ulivyopangwa, na hakuna aliyeona ubaya wake mpaka ilipokuja habari ya kituo cha watoto viziwi cha Ihemela.

*

"Bado wamelala?" aliuliza Hortensia Kibiki, mkurugenzi wetu, akiwa amesimama nyuma ya kiti changu na kikombe cha chai ya tangawizi.

"Bado, dada. Darasa zima."

Mstari wa Ihemela ulikuwa umenyooka kama uzi. Na hilo ndilo lililoniudhi, kwa sababu Masomo ya Anga tuliyopigia picha pale ndiyo video bora kuliko zote tulizowahi kutoa. Mwalimu Editruda Mhongole anasimama gizani na kiazi mviringo kilichochomekwa kwenye kijiti, tochi inawaka pembeni, na mikono yake inaeleza kwa nini mwezi hukua na kupungua. Mimi ninayesikia, niliyesoma hadi chuo kikuu, niliuelewa mwezi kwa mara ya kwanza nikiihariri video ile.

"Tepe ni mbovu?"

"Nimeshazibadilisha."

"Basi watoto hawaelewi."

"Mitihani wanaipasua wote, dada. Wanaelewa. Ila hawawaki."

Hortensia akausogelea mstari kwenye kioo. Ana mdogo wake kiziwi aliyeishia darasa la tatu, kwa sababu mwalimu wake alikuwa akifundisha huku ameupa ubao uso na watoto mgongo. Huyu mama hafanyi kazi kwa ajili ya mshahara tu, nataka hilo lieleweke.

"Bodi inakaa Ijumaa," alisema mwishowe. "Wadhamini wa Masomo ya Anga wanahama kila siku. Bila mwako tunayafunga, na yale ya Umeme hayaanzi. Watoto viziwi nchi nzima watarudi kutazama midomo ya watu." Akanywa chai kidogo. "Ghala lako lina miako mingi ya zamani. Mmoja ukipotea njia ukaangukia Ihemela, nani atajua?"

"Mimi."

"Mimi sijasema kitu, Eusebio. Nimekuja kunywa chai."

Alipoondoka nikaunakili mwako wa mtoto wa Kigoma, ule wa mto, nikautia kwenye kifaa changu. Kuuweka kwenye mstari wa Ihemela kulikuwa kazi ya kugusa kitufe kimoja. Lakini kabla ya kudanganya, nikataka kwanza nijue ukweli nitakaoudanganyia.

*

Nilipanda na lori la parachichi lisilo na dereva, ambalo lilikataa katakata kuingia kwenye ukungu wa Kilolo mpaka jua lilipotoka. Kituo cha Ihemela kipo juu kabisa, kwenye baridi ya kutoboa mifupa. Mwalimu Editruda alinipokea mlangoni akiwa na sweta mbili na kilemba.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Kamwene! Karibu ndani, usisimame kwenye upepo. Kula kwanza."

Nikala viazi vya kuchemsha na chai ya maziwa. Baadaye nikaingizwa darasani, na hapo ndipo nilipopaswa kushtuka mara moja. Watoto wote walikuwa wamepakwa mafuta wakang'aa, sare zimepigwa pasi, wameketi wima. Nikawavisha tepe. Video ikaanza. Kiazi kikatokea, tochi ikawaka, mstari ukalala. Lakini safari hii sikuutazama mstari, niliwatazama watoto. Ilipofika ile sehemu ambayo giza linaanza kukila kiazi, hakuna hata mmoja aliyetazama kiazi. Wote walinigeukia mimi, kuona kama mgeni amefurahi. Na binti mmoja wa mstari wa mbele, Fidea, mwenye macho makali na pengo la jino, mikono yake mapajani ilikuwa inayasema maneno ya video kabla video haijayasema.

"Mwalimu," niliuliza, "hawa wameshaiona video hii?"

"Wameiona?" Editruda alijibu kwa fahari. "Wanaijua kama sala ya asubuhi! Kila somo nawafundisha kwanza mwenyewe mpaka liwakae, ndipo nawavisha huo utepe wenu."

"Kwa nini?"

Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini chakula hupakuliwa kwenye sahani. "Si mlisema kuna mgeni anakuja kuonja kichwani mwa mtoto? Nikasema, hapa Ihemela mgeni hatamkuta mtoto hajaoga."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Miezi yote ile, mtambo uliobuniwa na wataalamu wa mabara matatu ulikuwa umeshindwa na adabu! Mama wa watu alikuwa anaupokea utepe kama anavyopokea mkaguzi, kwa risala na viatu vilivyopigwa rangi. Watoto walikuwa wameshawaka zamani. Mgeni alikuwa anafika wakati moto umeshabaki makaa.

Nikamweleza. Nilidhani atacheka na yeye.

"Yaani mnachotaka ni ile mara ya kwanza," alisema.

"Ndiyo, Mwalimu. Ukiacha kuwatayarisha, miako itakuja yenyewe, wafadhili watarudi, na mambo yamekwisha."

"Hapana."

Nikafungua mdomo kubishana. Akainua kidole, akanionyesha maandishi yaliyobandikwa ukutani: UGOMVI WA WAKUBWA HUMU NDANI NI KWA MIKONO. Ndiyo sheria ya darasa lake. Hakuna neno la ugomvi linalopita juu ya vichwa vya watoto viziwi bila wao kuliona. Ukitaka kubishana mbele yao, bishana kwa lugha ya alama au toka nje. Na nje kulikuwa na baridi.

Basi nikagombana na Editruda Mhongole kwa mikono, mimi ambaye alama zangu ni za mtoto wa chekechea. Watoto walisogeza viti karibu kama watu wanaotazama mpira.

"Mimi nakaa na mtoto huyu," alisema kwa mikono, taratibu, ili nimfuate. "Anaponikasirikia, nipo. Anapolia, nipo. Halafu dakika ile anapofunguka, nimwite mtu baki aje aonje kabla yeye mwenyewe hajameza? Ile ni yake. Wakati mwingine ni yake na yangu. Basi."

"Watu hao ndio wanaolipia video," nilijibu, na nikakosea alama, mtoto mmoja akanisahihisha.

"Washukuriwe. Nitawaandikia barua, nitawaombea. Lakini jirani akikuletea bakuli la maharage, unalirudisha na kitu ndani, hata kama ni ndimu. Hawa watu wako wanakula humu kila siku, na bakuli linarudi tupu."

"Wanalipa, Mwalimu!"

"Wanamlipa nani? Fidea?"

Nikamwambia habari ya Ijumaa. Nikamwambia kwamba Masomo ya Anga yakifungwa hayatafungwa kwa watoto wake tu, yatafungwa Tandahimba na Ngara na kote ambako hakuna Editruda. Nilimwona akiumia. Mikono yake ilishuka, ikakaa kwenye sweta.

"Usinitishe kwa watoto wa wenzangu," alisema hatimaye.

"Sikutishi. Nakuambia lililopo."

Nilimheshimu sana saa ile, na nilimkasirikia sana, kwa sababu alikuwa na haki na haki yake ingewagharimu watoto ambao hajawahi kuwaona. Ningetaka mtu aniambie nani kati yetu alikuwa mkatili.

Ndipo Fidea alipogonga meza yangu kwa kiganja. Watoto viziwi hukuita hivyo, mtikisiko unakufika.

"Huyo anayeonja," aliuliza, "ananijua mimi?"

"Hapana."

"Anajua kuongea hivi?" Akatikisa vidole.

"Sidhani."

"Na yeye akielewa kitu, mimi naonja?"

"Hapana."

"Kwa nini?"

Hilo swali lilikuwa na jibu la kiufundi, nami nikalitoa, kwa aibu. Tepe mbili pacha ni kitu kimoja. Kila mmoja unaweza kupeleka na kila mmoja unaweza kupokea. Upande wa wafadhili tuliufunga sisi wenyewe kule ofisini, siku ya kwanza kabisa, kwa sababu waliuliza kama vichwa vyao vitasomwa, nasi tukawaahidi kwamba faragha yao italindwa. Watoto hawakuuliza, kwa hiyo vyao tuliviacha wazi.

Fidea akafikiri. Kisha akafanya alama ambayo siijui: ngumi imefumbwa, imevutwa kifuani kwa nguvu.

"Anasemaje?" nilimuuliza Editruda.

"Anasema ninyi ni wachoyo," alijibu, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu ugomvi uanze.

*

Hortensia alinisikiliza kwenye simu mpaka mwisho, na hiyo si kawaida yake.

"Rudia," alisema.

"Tunafungua pande zote mbili. Fidea anatengeneza video, somo la mwezi, kwa alama tupu. Hakuna sauti, hakuna maandishi. Anayetaka mwako wa Ihemela avae utepe, atazame, aelewe. Akielewa, mtoto anaonja wa kwake. Mwalimu Editruda amekubali, mradi bakuli lirudi na kitu ndani."

"Eusebio, wafadhili hawa hawataki hata jina lao lijulikane. Utawaambia mtoto wa Kilolo atachungulia kichwani mwao?"

"Nitawaambia hivyohivyo."

"Watakimbia."

"Wameshakimbia, dada."

Tukawatumia ujumbe. Wakakimbia kweli, nisiseme uongo. Mmoja aliandika kwamba yeye alichangia ili asaidie, hakuchangia ili afanyiwe mtihani. Mwingine akatuita wachawi. Kioo changu kikajaa majina yanayozimika, na Ijumaa ikapambazuka hivyo, mimi nimekaa stoo ya viazi ya kituo, kifaa mkononi, mwako wa Kigoma ukiwa umetulia ndani yake ukisubiri kidole changu.

Editruda aliingia na chai. Akakiona kidoa chekundu cha mwako kikipepesa kwenye kifaa.

"Huo ni wa nani?"

Sikuweza kumdanganya yule mama. "Wa mtoto mmoja wa Kigoma. Alielewa mto."

"Alielewa mto!" Akatabasamu kama vile ni mwanafunzi wake. "Basi mwachie mwenyewe, mwanangu. Kazi aliifanya yeye."

Nikaufuta. Nikafanya hivyo haraka, kabla akili haijarudi.

Hapohapo ndipo jina moja lilipowaka: Asteria Kokushubira, mstaafu wa posta, Bukoba. Alikuwa tayari. Aliandika kwamba kichwani mwake hakuna cha kuiba.

*

Mama Asteria alitokea kwenye kioo akiwa na miwani minene, na utepe umekaa upande kama kofia ya mlevi. Fidea alikuwa upande huu, na wake umenyooka. Video yake ikaanza: gizani, stooni mle, kiazi, tochi, mikono ya mtoto ikienda kwa kasi na kujiamini.

Mstari wa Bukoba haukutikisika.

"Naona kiazi," alisema Mama Asteria. "Naona mikono. Jamani, hamna maandishi kidogo?"

"Hamna," alisema Editruda.

"Hata neno moja?"

"Mama, wanangu hawa walikaa miaka mingi wakitazama midomo ikipepea, bila neno hata moja. Kaa nao kidogo."

Mama wa Bukoba hakukasirika. Akasema, "Haya, irudieni," na ikarudiwa. Ikarudiwa tena. Hortensia alikuwa kwenye laini kutoka ofisini, nikimsikia akihema. Bodi ilikuwa inaingia ukumbini. Yule bibi alikuwa amekodoa macho kiasi cha kutia huruma, na hakuelewa chochote.

Fidea akamtazama. Sikuwahi kumwona mtoto akimtazama mtu mzima vile. Hakumdharau wala hakumwonea huruma. Alikuwa anatafuta mahali alipokwama. Namjua mtu mwingine mmoja mwenye macho hayo, naye alikuwa amesimama karibu yangu na sweta mbili. Kisha binti akazima video. Akachukua kamera ndogo, akaifunga kwenye paji la uso wake, juu kidogo ya utepe, ili bibi aone anachokiona yeye. Akashika kijiti cha kiazi mkono umenyooka mbele, tochi akaiacha palepale rafuni, na akaanza kuzunguka polepole mahali aliposimama.

Sasa bibi hakuwa tena anatazama mtoto na kiazi kutoka mbali. Alikuwa amesimama duniani. Fidea alipoielekea tochi, kiazi kilikuwa cheusi. Akageuka kidogo, ukingo wake ukang'aa kama kucha. Akageuka tena, nusu. Tochi ilipobaki nyuma yake, kiazi chote kikawaka. Mkono wake mwingine uliingia kwenye picha na kufanya alama ya mwezi, mara moja, bila haraka.

"Oh," alisema Mama Asteria. "Haupungui! Haupungui kabisa. Ni mimi ndiye ninayeuona kwa..."

Hakumaliza. Mstari wa Bukoba uliruka hadi juu ya kioo.

Fidea alishika kichwa kwa mikono miwili. Kiazi kikaanguka. Kwa muda wa pumzi moja alisimama mdomo wazi, ameonja kwa mara ya kwanza maishani mwake jinsi mtu mwingine anavyofunguka, tena kwa mkono wake yeye. Halafu mstari wake mwenyewe, ule uliolala miezi yote hiyo, ukaruka. Uliruka juu kuliko wa bibi, juu kuliko mwako wowote nilionao ghalani, na kule Bukoba Mama Asteria akavua miwani na kuanza kulia huku anacheka.

"Huu ni nini?" nilimuuliza Editruda, maana mtambo haukuwa na jina lake. "Alishauelewa mwezi zamani. Huu ni mwako wa nini?"

Hakuyatoa macho kwa Fidea. "Huo?" alisema. "Huo mimi ndio nimekuwa nikila hapa miaka yote. Ulidhani naishi kwa viazi?"

"Eusebio!" Hortensia alipiga kelele kwenye laini. "Nauona hapa. Niambie ni wa kweli."

"Ni wa kweli, dada."

"Unaapa?"

"Mwulize mama wa Bukoba."

Hortensia akaingia nao ukumbini. Mchana alipiga simu: bodi haikuyafunga Masomo ya Anga. Iliyapa muhula mmoja, pande zote mbili zikiwa wazi, kwa wafadhili watakaokubali kuelewa kitu. Ni wachache. Huenda wasitoshe, na Hortensia hakunificha hilo. Yale ya Umeme yangoje.

Nilikwenda kumwambia Fidea, kwa alama zangu mbovu, kwamba masomo yamebaki. Alikuwa bado na utepe kwenye paji la uso, amegoma kuuvua hata wakati wa kula. Alinitazama kwa upole, kama mtu anayesubiri mgeni amalize salamu, kisha akagonga meza.

"Kesho nileteeni mwingine," alisema. "Mgumu kuliko yule."